Hema Lililolemea Jeshi Sasa Lafaa Familia Yenye Gari

Hatuna haja ya kuwafundisha askari jeshi wala polisi hema ni nini. Wengi wao wamelisimamisha gizani huku mvua ikinyesha, na wakaling'oa kabla ya jua kuchomoza. Lakini hema la kazi ni jambo moja, na hema la likizo, ambamo askari atawalaza mkewe na watoto, ni jambo jingine. Katika maduka ya Ulaya na Marekani yameenea sana mahema yaitwayo tipi, yenye umbo la paa la msonge lililowekwa juu ya ardhi. Picha zake zapendeza mno, ila picha haimwelezi mnunuzi kila kitu. Twaona vema tueleze kwanza asili yake, kwani jeshi limo ndani ya habari hiyo, ndipo tuseme ni lipi lifaalo kuchaguliwa.

Tipi ni neno la Walakota, na lina maana ya kukaa au kuishi mahali. Walakota, Wacheyenne, Wakomanche na wenzao wa nyika za Amerika ya Kaskazini, ambao vitabu vya zamani viliwaita Wahindi Wekundu, jina wasilojipa wenyewe, waliishi kwa kuwafuata nyati, na nyumba yao ilikuwa ya kuhamishika. Miti mitatu au minne, kwa desturi ya kila kabila, ilifungwa pamoja kwanza, kisha mingine ikaegemezwa juu yake na kuvikwa ngozi za nyati zilizoshonwa. Kazi hiyo ilikuwa ya wanawake. Wao ndio walioshona, ndio waliosimamisha, na kwa kawaida hema lilihesabiwa kuwa mali ya mama wa nyumba. Mgeni aliyedhani kwamba ni kibanda cha kishenzi hakulitazama vizuri. Upande wa nyuma ulisimama wima zaidi kuliko wa mbele, tundu la moshi lilikuwa na masikio mawili yaliyogeuzwa kwa miti kufuata upepo, na ndani kulitundikwa pazia la kuzunguka. Hewa ilipita kati ya pazia na ngozi, ikapanda, ikauchukua moshi. Nyati walipokaribia kumalizwa, katika miaka ya 1880, turubai lilishika mahali pa ngozi.

Ofisa mmoja wa jeshi la Marekani aliyehudumu Texas, Henry Hopkins Sibley, aliyatazama makao hayo kwa jicho la kijeshi. Mwezi wa Aprili 1856 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake: hema la turubai lenye upana wa futi 18 na kimo cha futi 12, lisilo na miti mingi bali nguzo moja ya kati, iliyosimama juu ya miguu mitatu ya chuma. Askari 12 walilala humo miguu ikielekea nguzo, mfano wa spoki za gurudumu. Aliongeza pia jiko la bati lenye bomba la kutolea moshi. Serikali ilikubali kumlipa dola 5 kwa kila hema.

Fedha hizo zilimponyoka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Sibley alijiunga na waasi wa Kusini. Mwenziwe katika biashara, William Burns, alibaki upande wa serikali, akaenda mahakamani, na mwaka 1871 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki ya nusu yake. Naye Sibley aliongoza jeshi huko New Mexico, na Machi 1862, karibu na Glorieta, adui alimzunguka kwa nyuma na kuyachoma moto magari yake ya mizigo. Baada ya vita alikwenda kutumikia jeshi la Misri, akafukuzwa kwa ulevi, na akafa maskini mwaka 1886.

Hema lake nalo halikudumu katika mwendo wa vita. Kila kikosi kilihitaji magari ya nyumbu ya kulibeba, na kikosi chenye msururu mrefu wa magari huenda polepole. Kuanzia 1862 askari wa Kaskazini walipewa kila mmoja nusu ya kihema kidogo cha kubeba mgongoni, wawili wakiunganisha nusu zao kwa vifungo.

Hapo ndipo lilipo jambo letu. Kosa la hema la Sibley lilikuwa uzito, si makao. Familia iendayo kwa gari haibebi hema mgongoni. Hema la pamba lenye upana wa mita 5 huweza kufika kilo 30 hadi 40. Askari wa miguu atalilaani, lakini buti ya gari italimeza, mradi mizigo mingine ibakiziwe nafasi.

Mnunuzi aanze na kipimo cha kusimama, asidanganywe na upana wa sakafu. Hema la mita 5 lenye kimo cha mita 3 lina sakafu ya karibu mita za mraba 20. Ikiwa kuta zake zashuka moja kwa moja hadi ardhini, mtu wa kimo cha mita 1.8 atasimama wima katika duara la mita 2 tu, yaani mita 3 za mraba. Kando kando kwafaa viatu na masanduku. Lakini hema hilo hilo likiwa na ukuta mfupi wa sentimita 60, duara la kusimama hufika mita 2.5, na kitanda cha kambi chaweza kusogezwa pembeni bila turubai kumgusa mtu usoni. Sisi twaupendelea ukuta huo, ingawa upepo mkali huupiga zaidi. Tena idadi ya watu iandikwayo na mtengenezaji ni hesabu ya Sibley, ya watu waliopangwa kama spoki. Familia ya watu watano ichukue hema la watu wanane.

Kitambaa cha pamba huvimba kikilowa na kuziba matundu yake, nacho hupumua, kwa hiyo asubuhi watoto hawaamki wakidondokewa na maji ya pumzi zao wenyewe. Poliesta ni nyepesi, hukauka upesi na bei yake ni nafuu, lakini cheche moja huitoboa. Mchanganyiko wa hizo mbili twauona kuwa bora. Sakafu ifungwe kwa zipu, ili siku za joto kingo za chini zikunjwe juu, na mlango na matundu ya hewa yawe na wavu wa mbu.

Juu ya moto hatutanii. Tipi ya kale ilitoa moshi kwa tundu, na jiko la Sibley kwa bomba. Hema la dukani lisilo na nafasi ya bomba si mahali pa moto kamwe. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata makaa yakionekana kufifia. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, husinzia, na aliyekwisha lala huenda asiamke. Injini ya gari nayo isiachwe ikinguruma karibu na mlango wa hema.

Kabla ya safari, hema lisimamishwe uani mara moja. Vigingi vya duara hupigwa kwanza, ndipo nguzo ikainuliwa kutoka ndani. Mtu mmoja aiweza kazi hiyo. Hema jipya la pamba limwagiwe maji na kuachwa likauke, ili nyuzi zijikaze kwenye mishono. Nalo likirudi nyumbani na unyevu lisiachwe ndani ya mfuko wake, kwani siku chache zatosha kuliotesha ukungu: lianikwe asubuhi ya pili, kabla mwenyewe hajarudi zamu.