Sura ya Saba: Kinywa Baada ya Mionzi

Mgonjwa wa saratani ya koo kutoka Mpanda, mkoani Katavi, hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, au Bugando, Mwanza. Huko hupigwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba, dozi ndogo ndogo ambazo jumla yake hufikia kama grei 70. Kisha huruhusiwa. Anaporudi Katavi vidonda vya kinywa bado vibichi, na waliomtibu wamebaki mbali.

Vidonda hivyo vya mwanzo si dalili kwamba tiba imeshindwa. Ngozi laini ya kinywa hujifanya upya kila baada ya wiki moja au mbili, na mionzi inayoua saratani huzipiga pia seli changa zinazofanya kazi hiyo. Ndiyo maana kinywa huanza kuchubuka wiki ya pili au ya tatu ya tiba, na huweza kuzidi hata siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Saratani ikiwa kwenye tonsili au nyuma ya ulimi, kinywa huumia zaidi kuliko ikiwa kwenye zoloto. Kwa wengi, miezi miwili ikipita nyama mpya imeshafunika.

Isipofunika, anza na yaliyo karibu. Tezi za mate zikipigwa, mate hupungua na kuwa mazito, na kinywa kikavu huchubuka kwa kipande cha muhogo tu. Fangasi hupenda kinywa cha namna hiyo. Utando mweupe unaoacha wekundu ukifutwa unataka dawa ya hospitali. Sigara, pombe, kisukari kisichodhibitiwa na upungufu wa damu huchelewesha pia. Njaa nayo ni adui mkubwa, maana asiyeweza kumeza ugali hukonda upesi. Mpeni uji laini wa maziwa, mayai, parachichi, mchuzi wa samaki usio na pilipili wala ndimu, vyote vikiwa vuguvugu. Asukutue mara kwa mara kwa maji yenye chumvi kidogo. Na morfini ya maji akiandikiwa, familia isiiogope. Anayesikia maumivu makali hali.

Asali ya Inyonga kila mtu ataitaja. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inaipa nafasi, lakini kama kinga wakati mionzi ikiendelea. Tena asali ni sukari, na kinywa kisicho na mate huoza meno haraka. Mimi siikatazi; nasema asukutue baada ya kuilamba, na asiigeuze kuwa tiba ya kidonda kilichokaa miezi.

Kidonda cha miezi ni jambo jingine. Tazama ndani ya taya la chini, kando ya magego: ukiona kipande kigumu cha manjano ambacho ulimi ukikigusa kinakwaruza, huo ni mfupa uliobaki uchi. Mionzi huziba vijishipa vya damu, na mfupa hukosa uhai kama jaruba la mpunga lililokatiwa maji. Mfupa ukibaki wazi zaidi ya miezi mitatu, na saratani haijarudi, madaktari huhesabu kuwa umekufa kwa mionzi. Matibabu huanzia usafi na antibiotiki hadi upasuaji wa kuondoa sehemu iliyokufa. Saratani iliyorudi nayo huweza kujificha kwenye kidonda kama hicho, kwa hiyo kisichopungua kwa wiki tatu kionwe na daktari, akate kinyama kipimwe akiona inafaa.

Mara nyingi balaa hili la mfupa kufa huanzia kwenye jino. Meno mabovu yang'olewe kabla ya mionzi, wiki mbili au tatu zikibaki, ili tundu lizibe. Baada ya mionzi, kung'oa kwenye taya lililopigwa dozi kubwa ni hatari hata miaka ikipita, na tabibu wa meno asiyeambiwa hawezi kujua, kwa sababu shavu kwa nje huonekana zima. Basi, ndugu msomaji, kama una mgonjwa nyumbani, zile karatasi za Ocean Road au Bugando zinazoonyesha dozi na upande uliopigwa zitunze, na umwonyeshe tabibu wa meno kabla hajachoma sindano ya ganzi.