Je, Wajua? Doa la Korosho Haliogopi Maji

Tandahimba, mkoani Mtwara, ni nchi ya korosho, na anayebangua kwa mkono analijua vizuri doa lake. Ndani ya ganda mna mafuta mazito ya hudhurungi yenye asidi ya anakadiki. Huunguza ngozi na kuitia weusi. Ndiyo maana wabanguaji hujipaka majivu au mafuta mikononi. Maji matupu hayalitoi doa hilo, kwa kuwa mafuta hayayeyuki majini.

Kanuni hiyo yafaa pia kwenye nyasi bandia za uwanja wa mpira, ambazo ni plastiki. Mafuta yakimwagika, yafyonze kwanza kwa kitambaa bila kusugua, kisha osha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Petroli usitumie: huweza kulegeza gundi inayoshika nyasi.