Chupa, Jua na Koki: Uchukuaji wa Sampuli za Maji Lodwar na Kakuma

Matokeo ya maabara huaminiwa kwa sababu yameandikwa kwa tarakimu, lakini tarakimu hizo haziwezi kubeba ukweli zaidi ya ule uliomo katika chupa iliyofikishwa mezani kwa mpimaji. Katika Kaunti ya Turkana, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka na ambako mji wa Lodwar umetenganishwa na Kakuma kwa barabara ya takriban kilomita 120, kazi ya kuchukua sampuli, yaani kiasi kidogo cha maji kinachotwaliwa ili kiwakilishe maji yote ya bwawa, tangi au bomba, ndiyo hatua inayovurugika kwa wepesi kuliko nyingine zote, ijapokuwa ndiyo inayoandikwa kwa uchache zaidi katika ripoti.

Mabwawa ya kuogelea katika hoteli za Lodwar ni mfano mwema wa kuanzia, kwa kuwa humo adui wa kwanza wa dawa ya maji huonekana wazi: jua. Klorini inayotiwa bwawani hugawanyika sehemu mbili, ile iitwayo klorini huru, ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, na ile iliyokwisha kufungamana na jasho, mkojo na uchafu mwingine wa miili, ambayo nguvu yake ni haba na ndiyo hasa inayowasha macho na kutoa ile harufu ambayo wengi huidhania kuwa dalili ya usafi. Miale ya jua huivunja klorini huru kwa kasi kiasi kwamba bwawa lililo wazi, lisilotiwa asidi ya sianuriki inayoikinga dawa dhidi ya miale hiyo, huweza kupoteza nusu ya klorini yake kabla saa moja ya jua kali haijatimia. Kwa hiyo sampuli iliyochukuliwa alfajiri, muda mfupi baada ya mhudumu kutia dawa, na sampuli iliyochukuliwa alasiri wakati watoto wamejaa majini, ni kama zimetoka katika mabwawa mawili tofauti, na mkaguzi anayefika asubuhi tu atarudi ofisini na habari njema zisizomhusu muogeleaji yeyote.

Mahali pa kuchovya chupa pana uzito sawa na saa ya kuichovya. Maji yaliyo karibu na tundu linalorudisha maji kutoka kwenye chujio yana dawa nyingi kuliko yale ya pembeni yasiyozunguka vizuri, na utando wa juu hukusanya mafuta ya ngozi na vumbi, kwa hiyo desturi ya wapimaji ni kusimama mbali na matundu hayo, kuizamisha chupa mdomo ukiwa chini hadi maji yafike karibu na kiwiko, yaani sentimita 30 hivi au zaidi, kisha kuigeuza na kuisukuma mbele ili maji yaliyogusa mkono yasiingie. Klorini huru na pH, kipimo kinachoonyesha iwapo maji yameelekea upande wa asidi au wa alkali, hupimwa palepale ukingoni, kwa maana maji yanayosafirishwa ili yakapimwe klorini hufika yakiwa yamekwisha kuipoteza njiani.

Kipimo cha kawaida ni kidonge kiitwacho DPD, ambacho hugeuza maji kuwa ya waridi kadiri klorini ilivyo nyingi, na hapa pana mtego ambao haujulikani vya kutosha: klorini ikizidi mno huichujusha rangi yenyewe, maji yakabaki meupe, na mhudumu asiye na mafunzo akaamini kwamba dawa imekwisha, akaongeza nyingine juu ya ile iliyokwisha kupita kiasi. Dawa yake ni kuyazimua maji hayo kwa maji yasiyo na klorini na kupima upya. Nayo pH haipaswi kuachwa nyuma, kwa sababu maji yenye alkali huidhoofisha klorini hata pale kipimo kinapoonyesha kuwa iko ya kutosha. pH ikifika 8, takriban robo tu ya klorini huru ndiyo inayobaki katika umbo lake lenye ukali. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hupendekeza pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, na klorini huru isipungue miligramu 1 kwa lita bwawani na miligramu 3 katika jakuzi, yaani beseni kubwa la maji moto yanayovurumishwa kwa hewa.

Jakuzi limewekewa kiwango cha juu kwa sababu maji yake ni machache, ya moto, na watu wake wengi. Watu wanne wakikaa katika lita 1,500, kila mmoja ana lita 375 tu, uwiano ambao katika bwawa la lita 100,000 ungehitaji watu zaidi ya 260 waogelee kwa pamoja. Majakuzi yenyewe ni nadra Turkana, na pengine msomaji wa Lodwar atauliza yanamhusu nini. Jibu liko juu ya paa lake. Bakteria wa Legionella, waliotambuliwa baada ya wajumbe wa mkutano mmoja wa mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, kuugua homa kali ya mapafu, hustawi katika maji yenye joto la baina ya nyuzi 20 na 45 na humwingia mtu kwa njia ya mvuke na matone madogo anayoyavuta puani. Tangi jeusi la plastiki linaloshinda juani Lodwar hulifikia joto hilo bila umeme wala kuni, kisha maji yake hunyunyizwa na bomba la mvua la bafuni. Kipimo cha kawaida cha bakteria wa kinyesi hakiwaoni viumbe hawa, hivyo anayewatafuta huchukua maji mengi zaidi, aghalabu lita nzima, na hupangusa pia utelezi uliogandamana ndani ya kichwa cha bomba.

Kwa vijidudu vya kinyesi chupa huwa ya mililita 100 au zaidi kidogo, iliyotakaswa kwa joto na kutiwa chembe za thiosulfati ya sodiamu, kemikali inayoizima klorini pindi maji yanapoingia. Bila kemikali hiyo klorini ingeendelea kuua bakteria ndani ya chupa njia nzima, na maabara ingehesabu wafu kana kwamba hawakuwahi kuwapo. Ndiyo sababu chupa hiyo haisuuzwi kabla ya kujazwa, na hubakishwa nafasi ya hewa ili mpimaji aweze kuitikisa. Baada ya hapo sampuli huwekwa katika sanduku la barafu, gizani, bila kuachwa igande, na hutakiwa ianze kupimwa ndani ya saa 6 ikiwezekana na kamwe isipite saa 24. Barafu ikiyeyuka kabla gari halijafika, baadhi ya bakteria huongezeka na wengine hufa, wala hakuna hesabu inayoweza kurudisha idadi ya awali.

Umbali wa maabara ndio uliolipa umaarufu sanduku la kupimia la kubebwa mkononi, mfano lile la DelAgua lililotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Surrey nchini Uingereza, ambamo maji hupitishwa kwenye karatasi laini ya kuchujia, karatasi hiyo ikalazwa juu ya chakula cha bakteria na kuachwa kwenye joto la nyuzi 44 hadi vishada vya manjano vionekane siku ya pili. Chombo hicho kina uwezo wa kupasha joto tu, hakipoozi, kwa hiyo anayekisahau ndani ya gari lililofungwa vioo juani huweza kuunguza ushahidi wake mwenyewe.

Huko Kakuma swali la mahali pa kuchukulia sampuli hubadilika na kuwa zito zaidi. Kambi ya wakimbizi ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1992, hupata maji ya visima virefu vilivyochimbwa kando ya Mto Tarach, ambao hutiririka kwa msimu. Maji hupandishwa matangini, hutiwa klorini, kisha hufika kwenye vituo vya koki ambako wakazi hupanga mitungi yao. Sampuli ya kwenye koki hueleza kazi ya mtambo, nayo aghalabu huwa nzuri, ilhali mkazi hanywi kutoka kwenye koki bali kutoka kwenye mtungi uliokaa nyumbani nusu siku, ukichotwa kwa kikombe na mikono ya watoto, huku klorini ikipungua kwa joto la nyumba ya mabati. Mlipuko wa kipindupindu wa mwaka 2005 kambini humo, ambao watu 418 walitibiwa na 4 wakafariki, ulidhihirisha jambo hilo, kwani watafiti walibaini kwamba kuhifadhi maji ya kunywa katika vyombo vilivyofunikwa kuliwakinga watu, na kwamba kuchangia choo na kaya tatu au zaidi kuliongeza hatari. Mtungi haumo katika orodha ya mali za kampuni ya maji, na pengine ndiyo sababu ni rahisi kuusahau, ila mpango wowote wa sampuli unaoishia kwenye koki humkagua fundi na kumwacha mnywaji.

Floridi, madini yanayochubua na kutia madoa ya kahawia kwenye meno na hata kuathiri mifupa yanapozidi, huhitaji utaratibu tofauti kabisa. Haifi wala haizaliani, kwa hiyo sampuli yake huweza kusafiri kwa basi hadi Nairobi bila barafu, mradi chupa iwe ya plastiki, maana floridi huingiliana na kioo, na mradi isuuzwe kwanza kwa maji yaleyale yanayopimwa. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita. Turkana imejifunza thamani ya chupa hizo za kemikali kwa gharama kubwa: Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kwamba picha za setilaiti zilikuwa zimesaidia kugundua hazina kubwa ya maji chini ya ardhi ya Lotikipi, kaskazini magharibi mwa kaunti, lakini maji yaliyotolewa baadaye katika visima vya majaribio na kupimwa yalionyesha chumvi nyingi mno kwa kunywa bila kusafishwa.