Asiyekuwapo na Lake Halipo: Nchi Zinazoendelea na Usimamizi wa Akili Bandia

Makala haya yanakusudia kueleza suala moja: ni nani anayetunga kanuni za akili bandia, na nchi kama yetu zina nafasi gani katika utungaji huo. Kwa akili bandia tunaelewa programu za kompyuta ambazo, baada ya kufunzwa kwa data nyingi mno, huweza kutambua sauti na picha, kufasiri lugha na kutoa maamuzi yaliyokuwa kazi ya binadamu. Kwa usimamizi tunaelewa jumla ya sheria, mikataba na asasi zinazoamua programu hizo zitumike vipi, kwa faida ya nani, na nani awajibike zinapodhuru.

Tuanze na hali ilivyo. Mwezi wa Septemba 2024, jopo la washauri lililoundwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake ya mwisho. Lilichunguza juhudi 7 za usimamizi zilizofanyika nje ya Umoja huo. Nchi 7 tu zilishiriki katika zote: Italia, Japani, Kanada, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Ujerumani. Nchi 118, nyingi zikiwa za Kusini, hazikushiriki hata katika moja.

Huenda msomaji akauliza: mambo hayo yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia tatu. Kwanza, madini. Kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga huingia katika betri za simu na kompyuta, na koltani ya Kivu hutoa tantali inayotumika katika vifaa vya elektroniki. Pili, kazi. Mwezi wa Januari 2023, jarida la Time lilifichua kwamba wafanyakazi nchini Kenya walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha, kusudi programu zijifunze kuyaepuka. Tatu, lugha. Orodha ya kimataifa ya lugha hutenga Kiswahili cha Kongo na kile cha pwani kwa alama mbili tofauti, lakini maandishi mengi yanayopatikana kwa mafunzo ya programu ni ya Kiswahili sanifu. Programu iliyofunzwa hivyo huenda isimwelewe mama wa Lubumbashi asemaye *batoto* badala ya *watoto*. Ikitumika hospitalini, kosa hilo si la sarufi tena, bali lagusa uhai.

Hivyo basi, sisi tumo ndani ya akili bandia kabla ya kualikwa kuijadili. Tunatoa malighafi, nguvu kazi na maneno. Kanuni hutungwa kwingine.

Ni kweli kwamba mlango umeanza kufunguka. Mwezi wa Julai 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzijengea nchi uwezo katika uwanja huu, na mwezi huohuo Umoja wa Afrika uliidhinisha mkakati wa bara zima. Mwezi wa Agosti 2025, Baraza Kuu liliunda jopo la kisayansi la wataalamu 40, pamoja na mazungumzo ya kimataifa yaliyopangwa kufanyika Geneva mwaka 2026 na New York mwaka 2027.

Hata hivyo, kupewa kiti si kupewa sauti. Mjumbe asiye na wataalamu nyuma yake, wala takwimu za nchi yake, huishia kutia sahihi yaliyoandikwa na wengine. Ushirikishwaji wa kweli hudai mambo matatu: kuwapo tangu rasimu ya kwanza, kuwa na ujuzi wa kuipima rasimu hiyo, na kuwa na sheria za nyumbani zinazolinda data za raia.

Hapo ndipo vyuo vikuu vinapoingia. Wanaisimu wetu wanaweza kukusanya na kuhifadhi Kiswahili kinavyosemwa nchini, kwa idhini ya wasemaji wenyewe, na kusanifu istilahi ili mjadala usibaki wa wachache wajuao lugha za kigeni. Wanasheria nao wanaweza kuandaa hoja za kupelekwa mikutanoni. Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Kwa upande wetu, letu limo tayari. Tusiokuwamo ni sisi wenyewe.