Ithibati ya kimataifa haipo

Dirisha la udahili likifunguliwa tu, simu zinaanza: "Samahani mwalimu, hiki chuo kimesajiliwa?" Huenda kimesajiliwa, na jibu hilo halikusaidii. Hata duka la vipuri limesajiliwa Brela, wakala wa usajili wa biashara. Uliza ithibati: ni mamlaka gani ya kisheria iliyokagua wahadhiri, mitaala na maabara za chuo hicho ikaridhika? Tanzania, vyuo vikuu viko chini ya TCU, vyuo vya kati na ufundi chini ya NACTVET. Kenya wana CUE, Uganda NCHE.

Siku hizi muulizaji huja na jibu lake mfukoni: "Hiki cha mtandaoni kina ithibati ya kimataifa." Hapo subira hunishinda. Hakuna chombo cha dunia nzima kinachokipa chuo kikuu mamlaka ya kutoa shahada. UNESCO haitoi ithibati kwa chuo chochote, hata nembo yake ibandikwe wapi. Yapo mashirika yanayokagua fani mojamoja kuvuka mipaka, kama AACSB kwa shule za biashara, lakini idhini ya kutoa shahada hutoka kwenye nchi. Marekani, serikali haikagui vyuo yenyewe. Inayatambua mashirika yanayokagua, na orodha yake iko wazi Wizara ya Elimu. Kwa hiyo swali lina ngazi mbili: nani amekipa chuo ithibati, na huyo aliyekipa anatambuliwa na nani?

Ngazi ya pili ndiyo matapeli wanayoichezea. Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani. Ilibuni vyuo vikuu mtandaoni, ikaweka waigizaji wajifanye wahadhiri na wanafunzi, kisha ikabuni na mashirika ya kuvipa ithibati vyuo vyenyewe. Mteja mwangalifu aliyefuata nembo ya ithibati aliangukia mikononi mwa tapeli yuleyule. Kabla ya Axact kulikuwa na chuo bandia cha Saint Regis, kilichoendeshwa kutoka jimbo la Washington, Marekani. Waendeshaji wake walihonga maofisa wa Liberia wapate barua za kutambuliwa, wakauza shahada kwa maelfu ya watu duniani. Mwaka 2008 wakuu wao walihukumiwa kifungo. Barua zilikuwa na mihuri ya serikali, na shahada zilibaki karatasi tupu.

Wengine, wakitaka kuthibitisha shahada yao, hukimbilia muhuri wa wakili. Wakili anathibitisha kwamba nakala inafanana na cheti ulichompelekea. Basi! Hajakikagua chuo, wala si kazi yake.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wa wanaoishia na shahada zisizotambuliwa hawakughushi chochote. Wamesoma usiku baada ya kazi, wamelipa ada kwa dola, wameandika tasnifu. Kisha wanaomba ajira serikalini au nafasi ya uzamili, shahada inakataliwa, na miaka hairudishwi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata senti: kwa chuo cha hapa nchini, fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, si wa kaka yako, maana mwaka 2017 vyuo 19 vilizuiwa kudahili wanafunzi wapya. Tafuta na jina la programu yenyewe. Chuo kinaweza kuwa na ithibati, programu isiwe nayo. Kwa chuo cha nje, andika mwenyewe anwani ya mamlaka ya nchi hiyo, usibofye kiungo ulichopewa na chuo. Kisha waulize TCU kwa maandishi kama shahada hiyo, kwa kusomwa mtandaoni, wataitambua. Udaktari, uhandisi, sheria? Anza na bodi ya taaluma. Wakala anayekuambia punguzo linaisha leo, achana naye. Anayekupa shahada kwa "uzoefu wa maisha" pekee, mripoti. Na kama umeshaanza masomo, uliza wiki hii, kabla ya ada ya muhula ujao.