Nuru Isiyomuumiza Jirani

Siku hizi ni nadra kumkuta mtu akienda Swala ya Alfajiri bila kurunzi au simu yenye taa mkononi. Taa za LED zimekuwa za bei nafuu, hazimalizi betri haraka, na mwanga wake ni mkali. Alhamdulillah, hiyo ni neema. Hata hivyo, ukali huo huo umezaa dhara njiani. Mzee akimulikwa machoni, huona weusi mtupu baada ya kupishana na mmulikaji, na huenda mtaro uko hatua mbili mbele yake. Macho yaliyozoea giza huweza kuhitaji hata nusu saa kuurudia uwezo wake kamili. Nasi tumefundishwa kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani.

Tatizo haliko katika wingi wa nuru. Liko katika umbo lake. Kijiwe cha LED ni bapa, nacho humwaga nuru mbele kwa pembe pana ya takriban digrii 120. Nuru hiyo ikiachwa hivyo hutawanyika upesi: umbali ukiongezeka maradufu, eneo linaloangazwa huwa mara nne, na ukali hushuka hadi robo. Kwa sababu hiyo mtengenezaji huweka kikombe king'aacho au lenzi ili kuikusanya miale. Idadi ya lumeni iliyoandikwa kwenye boksi hutaja jumla ya nuru tu. Lumeni 100 zilizokusanywa mahali pamoja zaweza kuliumiza jicho kuliko lumeni 300 zilizotandazwa.

Elimu hii wanazuoni wetu waliishughulikia zamani. Yapata mwaka 984 Miladia, Ibn Sahl wa Baghdad aliandika juu ya vioo na lenzi za kukusanya miale ya jua, akaieleza kanuni ya kupinda kwa nuru ambayo Willebrord Snell wa Uholanzi aliifikia mwaka 1621. Baada yake Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika Kitab al-Manazir, akibainisha kuwa tunaona kwa nuru inayoingia machoni, na kwamba nuru kali hulidhuru jicho.

Kanuni hiyo utaiona katika kurunzi ya kuvuta kichwa. Mbele yake kuna lenzi mbonyeo. Lenzi ikiwa mbali na kijiwe kwa kiasi chake, miale hutoka karibu sambamba na kufanya duara dogo kali linalofika mbali. Ukiisukuma lenzi karibu na kijiwe, duara hupanuka na makali hupungua. Ijaribuni pamoja na watoto kwa kumulika ukuta, nanyi mtaona kuwa lenzi haiongezi nuru; huigawa tu.

Njia ya pili ni kuitandaza. Kipande cha plastiki nyeupe yenye ukungu, kama cha galoni la maziwa, kikiwekwa mbele ya kurunzi huipeleka miale pande nyingi. Sehemu ya nuru hupotea, lakini kivuli hulainika na jicho hustarehe. Umeme ukikatika msikitini, elekezeni kurunzi kwenye dari nyeupe, nayo itaangaza safu nzima bila kumkera yeyote. Tahadhari moja: kurunzi yenye nguvu nyingi hupata moto, basi isifunikwe kwa karatasi au kitambaa.

Mahali ambapo jambo hili huwa zito zaidi ni makaburini, maziko yanapofanyika usiku. Walio ndani ya kaburi humpokea maiti kwa mikono, wakamlaza katika mwanandani na kupanga mbao. Kila wainuapo nyuso zao, hukutana na kurunzi na simu za waombolezaji waliosimama juu. Wanapofumba macho, mikono yao imembeba ndugu yetu. Heshima ya maiti na usalama wa wanaomzika vinahitaji nuru pana na tulivu: taa mbili zilizofunikwa kwa plastiki nyeupe, moja kila upande, zikielekezwa chini. Taa mbili ni bora kuliko moja, kwani moja huacha kivuli cha aliyeinama juu ya kazi yake. Miale iliyokusanywa na iwe kwa anayeongoza jeneza njiani, naye aimulike ardhi.

Tunapendekeza kila kamati ya msikiti iweke taa mbili za namna hiyo pamoja na vifaa vya maziko, na ziteuliwe nafsi mbili za kuzishika. Wengine wote wazime simu zao. Nyumbani, wazazi wawafundishe watoto wasiitazame LED moja kwa moja wala kummulika mtu usoni, hata kwa mzaha. Anayepishana na mwenzake gizani aishushe kurunzi miguuni, kisha atoe salamu.