ANAKOROMA, ANANYAMAZA, ANASHTUKA: USICHEKE, HUO NI UGONJWA!

Wapenzi wasomaji, wiki hii tuingie chumbani kidogo. Msishtuke, si kwa yale mnayoyafikiria!

Kuna jamaa wakilala mtaa mzima unajua. Wanakoroma kama mashine ya kusaga. Huku kwetu Kanoni, wilayani Karagwe, mtu wa namna hiyo asubuhi huchekwa, au husifiwa kwamba eti jana alipata usingizi mnono. Kumbe wapo ambao usiku kucha walikuwa wanakabwa na koo lao wenyewe.

Kukoroma peke yake si lazima kuwe ugonjwa. Shughuli iko kwenye ukimya. Sikiliza vizuri: mashine inanguruma, mara kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Sekunde kumi, ishirini, hata zaidi. Halafu khaa! Anashtuka, anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, anaanza upya. Madaktari wanaita apnia ya usingizi, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa pumzi.

KOO LINALEGEA
Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengine ulimi na nyama laini za kooni huanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unapiga king'ora, mtu anazinduka kidogo bila kujitambua, koo linafunguka. Wenye hali mbaya hukatikiwa pumzi mara 30 au zaidi kwa saa. Piga hesabu: saa saba za kulala ni zaidi ya mara 200. Hapo kuna usingizi kweli?

Tusichanganye na jinamizi. Mwenye jinamizi anajiona yuko macho ila hawezi kujitikisa. Huyu wa apnia mara nyingi hakumbuki kitu. Anaamka kichwa kinauma, mdomo umekauka, kachoka kama aliyelima shamba zima la migomba. Mchana anasinzia kwenye mkutano, kanisani, kwenye kiti cha saluni. Watu wanasema mvivu. Wengine wanasema karogwa.

MADHARA SI MCHEZO
Kila akikabwa, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Miaka ikipita, presha inagoma kushuka hata kwa vidonge, na hatari ya ugonjwa wa moyo na kiharusi inaongezeka. Akina kaka mkae mkao wa kusikia: apnia huambatana pia na kupungua kwa nguvu za kiume. Unahangaika na mizizi, kumbe huenda tatizo liko kooni!

Halafu kuna barabara. Hebu fikiria dereva wa fuso la kahawa kwenye miteremko yetu, kope zinafunga zenyewe. Anayesinzia usukani hamwui abiria wake tu, anaweza kumuua na wewe unayetembea kando.

NANI YUMO?
Wanene na wenye shingo nene ndio walio kwenye hatari zaidi, lakini wembamba wenye taya dogo wamo pia. Wanaume ni wengi, ila akina mama waliokoma hedhi nao wanawafuata. Hata mtoto mwenye mafindofindo makubwa anaweza kuwa nayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kuwa karibu watu bilioni moja duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana tatizo hili.

UFANYEJE?
Punguza uzito kama umezidi. Lala ubavu, usilale chali. Lubisi na konyagi karibu na muda wa kulala ziache, maana zinalegeza koo zaidi. Vidonge vya usingizi usimeze bila daktari. Sigara nayo weka kando.

Kisha nenda hospitali, kama Nyakahanga, upimwe presha na uangaliwe koo. Ikibidi uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, kama walioko Bugando, Mwanza. Wenye hali mbaya husaidiwa na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Iligunduliwa na daktari Colin Sullivan wa Australia, aliyeitangaza mwaka 1981. Watoto wengi hupona wakitolewa mafindofindo.

Sasa neno la mwisho ni kwako unayelala pembeni. Mgonjwa hajui, shahidi ni wewe. Usimpige kiwiko ukageukia ukutani. Hesabu sekunde za ule ukimya, mrekodi kwa simu, asubuhi mweleze taratibu bila kumkejeli, umsindikize kwa daktari. Mapenzi si maua tu jamani, ni pamoja na kumlindia mwenzio pumzi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Mlale salama!